Inchi na Mita: Amana Iliyomo Ndani ya Kipimo



Mama zetu, dada zetu na watoto wetu wapenzi, baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), wiki hii tumependa tuzungumze juu ya jambo ambalo aghalabu hudhaniwa kuwa ni la mafundi na wanafunzi wa hesabu peke yao, ilhali limo ndani ya kila nyumba. Nalo ni kuugeuza urefu uliotajwa kwa inchi ukawa urefu wa mita.

Huenda msomaji akauliza: Sheikh na inchi wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba kipimo ni mlango wa haki. Qurani ina sura nzima, ya 83, iitwayo al-Mutaffifin, kwa jina la watu wanaopunja vipimo. Nabii Shuaib (A.S.) alitumwa kwa watu wa Madyan, na miongoni mwa aliyowakataza ni kupunguza vipimo na mizani. Basi mtu anayetaka kutoa haki kamili na kupokea haki kamili hana budi kukijua kipimo anachotumia. Asiyekijua hupunjwa bila kuhisi, na vibaya zaidi, huweza kupunja wenzake hali ya kujiona ni mwadilifu.

Tutazame hali ya nyumba zetu. Humo mna vipimo viwili vinavyokaa pamoja kama majirani wasiosemezana. Kitanda hununuliwa kwa futi, tano kwa sita. Godoro lake huulizwa unene kwa inchi. Shuka yake imeandikwa sentimita. Televisheni ni ya inchi 43, na meza ya kuiwekea imechongwa kwa sentimita. Mabati huuzwa kwa mita, na mbao zinazoyabeba ni za inchi mbili kwa nne. Kiwanja kilichojengwa nyumba yenyewe hutajwa mitaani kuwa ni hamsini kwa mia, kwa futi, lakini hati yake imeandikwa hekta. Mama wa nyumba ndiye anayesimama katikati ya lugha hizo mbili kila siku, na mara nyingi hakuna aliyemfundisha namna ya kutoka moja kwenda nyingine.

Wazee wetu wa pwani hawakuwa na inchi wala mita. Walipima kwa viungo vya mwili. Shibiri ni tangu ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimetandazwa. Shibiri mbili ni mkono mmoja, yaani dhiraa, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole kirefu. Mikono minne ni pima moja, mikono yote miwili ikinyooshwa kulia na kushoto. Katika biashara ya nguo mkono ulihesabiwa kuwa nusu ya wari, yaani inchi 18, na pima ikawa wari mbili, yaani inchi 72.

Wanavyuoni nao walikuwa na utaratibu wao. Watoto wetu wa madrasa husoma kwamba dhiraa moja ni vidole 24, na kila kidole ni upana wa punje sita za shayiri zilizopangwa ubavu kwa ubavu. Kadhalika katika madhehebu ya Imam Shafi, maji yanayofikia kulla mbili hukadiriwa kwa chombo chenye urefu, upana na kina cha dhiraa moja na robo. La ajabu ni kwamba Waingereza nao, katika sheria zao za kale, waliieleza inchi kwa shayiri hiyo hiyo: punje tatu kavu, zilizopangwa ncha kwa ncha. Mataifa mawili yaliyo mbali yalishika nafaka moja kwa sababu kila mmoja alitafuta kitu kisichobadilika kwa matakwa ya mwenye duka. Mkono wa mtu mrefu si mkono wa mtu mfupi, na muuzaji hujua amtume nani akapime.

Mita ilizaliwa kutokana na shida hiyo hiyo. Wafaransa walitaka kipimo kisichokuwa cha mfalme wala cha mji mmoja, wakakusudia kukichukua kutoka katika dunia yenyewe. Baina ya mwaka 1792 na 1799 wataalamu wao walipima ardhi tangu Dunkirk hadi Barcelona, wakakadiria umbali wa kutoka ncha ya kaskazini ya dunia hadi ikweta, na sehemu moja katika milioni kumi ya umbali huo wakaiita mita. Kazi ya kuipima dunia haikuwa ngeni kwa Waislamu. Karibu miaka elfu moja kabla ya hapo, katika zama za Khalifa al-Maamun wa Baghdad, wanafalaki walitumwa katika nyika ya Sinjar kupima urefu wa daraja moja ya mzunguko wa dunia. Leo mita haitegemei tena ardhi. Tangu mwaka 1983 imefungwa na mwendo wa nuru.

Inchi nayo ilikuwa na ugomvi wake. Inchi ya Marekani na ya Uingereza zilitofautiana kwa kiasi kidogo mno, kisichoonekana kwa macho lakini chenye kuwasumbua watengenezaji wa mashine. Ndipo nchi zilizokuwa zikiitumia zikakubaliana kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 1959 wari moja iwe mita 0.9144 kamili. Wari ina inchi 36. Kwa hivyo inchi moja ni mita 0.0254 kamili, bila ya kupungua wala kuzidi. Neno hilo "kamili" tulishike vizuri, kwa maana leo mtu akigeuza inchi kuwa mita hakadirii, bali anahesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Chukua idadi ya inchi, zidisha kwa 254, kisha irudishe nukta nafasi nne kutoka mwisho. Tuseme dirisha lina upana wa inchi 72, yaani ile pima moja ya wazee. Zidisha 72 kwa 254, utapata 18,288. Rudisha nukta nafasi nne, utapata 1.8288. Upana wa dirisha ni mita moja na sentimita 83, zikikaribishwa.

Ukiwa dukani, huna kalamu na muuzaji anakungoja, iko njia ya kichwani. Gawanya inchi kwa 40, kwa kuwa mita moja ni inchi 39.37, karibu na arobaini. Inchi 72 ukizigawanya kwa 40 utapata mita 1.8. Jibu hilo lina upungufu mdogo: katika kila mita moja uliyoipata, ongeza sentimita moja na nusu na kitu kidogo. Kwa mita 1.8 utaongeza karibu sentimita tatu, na utafika pale pale tulipofika kwa kalamu. Ukitaka kurudi, yaani una mita na unatafuta inchi, zidisha mita kwa 39.37.

Jihadharini na mambo mawili hapa. La kwanza ni kuandika futi na inchi kama kwamba ni desimali. Futi moja ina inchi 12, si kumi. Mlango wa futi 5 na inchi 6 si mlango wa futi 5.6. Ule wa kwanza ni inchi 66, yaani mita 1.676, na futi 5.6 ni mita 1.707. Zimetofautiana sentimita tatu, na sentimita tatu zinatosha kuuzuia mlango usifunge. Dawa yake ni kugeuza kila kitu kuwa inchi kwanza, ndipo uingie katika mita.

La pili ni utepe wa fundi cherehani. Tepe nyingi zimeandikwa inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili, na wengi wetu tukadhani kwamba viwili hivyo ni sawa. Si sawa. Inchi 60 ni sentimita 152.4. Tena utepe wa kitambaa au plastiki hunyooka kwa kuvutwa miaka mingi. Ulinganishe mara kwa mara na rula ya chuma, na ukiona umeongezeka, utupe. Usiwape watoto wachezee, wasije wakaurudisha ndani ya sanduku la kushonea.

Sasa tuyaingize haya katika maisha. Binti anataka kuagiza abaya kutoka Dubai. Abaya hizo zina namba 52, 54, 56, 58 na kuendelea, na namba hiyo ni urefu wa vazi kwa inchi, kutoka begani hadi chini. Mama amempima kwa mita akapata 1.45. Zidisha 1.45 kwa 39.37, utapata inchi 57 na kidogo. Namba 56 ni mita 1.42, itamwacha na upungufu wa karibu sentimita tatu miguuni. Namba 58 ni mita 1.47, itamzidi kwa sentimita mbili na kitu, na ziada hiyo hukunjwa pindo. Nguo ndefu hupunguzwa, lakini fupi hairefushwi ila kwa kiraka. Basi achukue 58.

Mfano mwingine uko katika maduka ya vitambaa. Wapo wanaouza kwa mita na wapo wanaouza kwa wari, na yote mawili ni halali maadamu muuzaji na mnunuzi wamefahamiana. Wari moja imepungua mita kwa sentimita 8.56. Mtu akitazama kitambaa mezani, upungufu huo ni kama upana wa kiganja, nani atagombana kwa ajili yake? Walakini wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Mama aliyenunua vitambaa vya mapazia, vipande 12 kwa bei ya shilingi 300 kila "mita", akapimiwa kwa wari, amelipa shilingi 3,600 na kurudi nyumbani na mita 10.97. Amepungukiwa na zaidi ya mita nzima, na shilingi 308 zake zimebaki dukani bila ya haki. Akifika nyumbani, pazia la dirisha la mwisho halitoshi, na huenda lawama zote zikamwangukia fundi.

Tuuangalie pia upande wa pili, kwa kuwa haki ina pande mbili. Miongoni mwa wasomaji wetu wapo kina mama wanaouza vitambaa majumbani mwao ili kusomesha mayatima. Huyo akinunua jora kwa wari na kuuza kwa mita kwa bei ile ile ya wari, kila kipande anachokata anajipunja mwenyewe, na mwisho wa mwezi hajui faida ilikwenda wapi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Aandike katika daftari lake: jora hili ni wari kadhaa, sawa na mita kadhaa, na ndipo apange bei. Na kwa mteja atamke waziwazi: "Dada, hii ni wari." Neno moja hilo linamtoa katika shaka.

Tunapotoka katika urefu na kuingia katika eneo, makosa huwa makubwa zaidi. Nyumba nyingi za kale za mawe huko Lamu zina vyumba virefu lakini vyembamba, kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari. Tuchukue chumba cha mfano huo, futi 9 kwa futi 20, na mwenye nyumba anataka kukitandika zulia linalouzwa kwa mita za mraba. Eneo ni futi za mraba 180. Futi moja ni mita 0.3048. Wengi huzidisha 180 kwa 0.3048 na kupata karibu 55, kisha huenda dukani kununua zulia la mita za mraba 55. Hilo ni kosa, kwa kuwa eneo lina urefu na upana, na pande zote mbili zinapasa kugeuzwa. Futi 9 ni mita 2.74, futi 20 ni mita 6.10. Zidisha moja kwa nyingine, utapata mita za mraba 16.7. Aliyegeuza mara moja badala ya mara mbili amenunua zulia zaidi ya mara tatu ya haja yake. Kanuni ya kukumbuka ni hii: geuza kila upande kwanza, ndipo uzidishe.

Na sasa tufikie palipotusukuma kuandika makala haya, napo ni mirathi. Tunapoitwa kusaidia kugawa mali ya marehemu, mara nyingi mali kubwa iliyopo ni kiwanja kimoja. Watu husema ni hamsini kwa mia, na wengine hukiita kiwanja hicho hicho thumuni ya ekari. Maneno hayo mawili hayana maana moja. Futi 50 ni mita 15.24, na futi 100 ni mita 30.48, eneo lake ni mita za mraba 464.5, au hekta 0.0465. Thumuni ya ekari ni mita za mraba 505.9, au hekta 0.0506. Tofauti ni zaidi ya mita za mraba 41, na hapo pana vyumba vinne vya mita tatu kwa tatu. Anayenunua kwa bei ya thumuni na kupewa hamsini kwa mia amelipia vyumba visivyokuwepo. Kabla ya kulipa, isomwe hati, isisikizwe midomo.

Tuseme kiwanja cha hamsini kwa mia ni mirathi, deni na wasia vimekwisha kutekelezwa, na marehemu ameacha mke na watoto. Fungu la mke hapo ni thumuni. Kwa futi, eneo la kiwanja ni futi za mraba 5,000, na thumuni yake ni 625, ambayo ni mraba wa futi 25 kwa futi 25. Tuseme warithi wameafikiana kumkatia sehemu yake pembeni. Futi 25 ni mita 7.62. Sasa hutokea jamaa mmoja mwenye haraka akasema: "Tufanye saba kwa saba, tusihangaike na vipande." Maneno hayo yanasikika kama ya usuluhishi. Lakini saba kwa saba ni mita za mraba 49, na haki ya mjane ni 58. Mita za mraba tisa zimepotea, nacho ni chumba kizima. Hakuna aliyemnyang'anya kwa nguvu, hakuna aliyeghushi hati. Zimekatwa sentimita 62 tu kila upande, na yeye akaitikia kwa kichwa kwa sababu hakuijua hesabu na aliona haya kuuliza mbele ya mashemeji.

Mafungu ya mirathi hayakupangwa na mzee wa mtaa wala na sisi masheikh, hata tukawa na ruhusa ya kuyakatakata ili hesabu iwe nyepesi. Thumuni ni thumuni. Ikiwa mjane mwenyewe, kwa radhi yake na baada ya kujua kiasi chake, akaamua kuwaachia watoto sehemu, hilo ni hisani na atapata ujira wake. Lakini mtu hawezi kusamehe haki asiyoijua. Anayetaka msamaha wake na amwambie kwanza: "Haki yako ni mita 7.62 kwa 7.62," kisha ndipo amwombe.

Kwa hivyo tunawanasihi kina mama na mabinti mambo machache. Kila mnapoambiwa namba, ulizeni: ni ya kipimo gani? Namba peke yake haina maana. Hamsini ya futi si hamsini ya mita. Mnapoandika, iwe ni stakabadhi ya duka au makubaliano na fundi, jina la kipimo liandikwe kando ya namba. Mnapogeuza, msikate desimali mpaka mfike mwisho wa hesabu, na mkikata, msikate katika haki ya mwenzenu. Penye shaka kubwa kama ya ardhi, aitwe mpima ardhi mwenye leseni, na gharama yake ihesabiwe ni kinga ya udugu. Na mwenye duka asiyetaka kukwambia anapima kwa wari au kwa mita, liko duka jingine. Akizidi, ziko ofisi za mizani na vipimo za serikali.

Tena wafundisheni watoto. Jioni moja wapeni utepe na daftari, wapime meza, mlango, kitanda na mkeka kwa inchi, kisha wageuze kuwa mita na wapime tena kwa upande wa sentimita waone kama wamepata. Mtoto akishika 0.0254 utotoni, hatadanganywa ukubwani, na inshallah hatadanganya. Binti asiambiwe kwamba hesabu ni za kaka zake, huyo ndiye atakayesimama siku moja katika kikao cha mirathi na kusema kwa adabu: "Ami, hapo pamepungua sentimita sitini na mbili."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza kipimo wanapotoa na wanapopokea, atulindie haki za wajane na mayatima wetu, na ayatie baraka majumba yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.